Mkunazi, kilua na karafuu: amana isiyowekeka ghalani

  

Ndugu wasomaji, si muda mrefu uliopita tulihudhuria msiba katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, hapa Unguja. Marehemu alikuwa mwanamke mtu mzima, aliyezaliwa katika nyumba ile ile aliyofia. Maji yalikuwa tayari, sanda imekwisha katwa, karafuu maiti ipo, na waoshaji wanangoja kitu kimoja tu: majani ya mkunazi. Vijana wawili walitumwa wakayatafute. Walirudi baada ya muda mrefu wakiwa na pakti ya unga wa sidri uliofungwa nchi za nje, waliyoinunua dukani. Josho likafanyika, na sala ikasaliwa kwa wakati wake. Unga ule ni halali na unatosha. Hilo tuliseme mapema, asije mtu akatia shaka josho la mzee wake. Lakini bibi mmoja miongoni mwa waoshaji alisimama mlangoni akauliza swali ambalo limetukaa moyoni tangu siku ile: mkunazi uliokuwa nyuma ya msikiti ulikatwa lini, na nani aliyechukua mbegu yake?

Asili ya jambo hili inajulikana. Katika hadithi mashuhuri ya Ummu Atiyya (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wanawake waliokuwa wakimwosha binti yake watumie maji na sidri, na katika josho la mwisho watie kafuri. Mkunazi wetu wa pwani ni ndugu wa sidri ya Arabuni, na masheikh waliotutangulia hawakuona tabu kuutumia. Ipo pia katika Sunan ya Abu Daud hadithi yenye onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi, na Abu Daud mwenyewe ameifafanua kuwa inamhusu anayeukata bure na kwa dhulma mkunazi wa jangwani, ambao wasafiri na wanyama hujisitiri kwa kivuli chake. Hatutaki kuivuta hadithi hiyo kupita inapofika. Aliyekata mkunazi wa mtaa ule huenda alikuwa na haki yake. Pengine mizizi ilikuwa ikipasua ukuta. Lililokosekana ni mtu wa kupanda mwengine, wala hakuna aliyedhani kuwa hiyo ni kazi ya mtu yeyote.

Mkunazi walau una afueni, kwani bado unaota kwengine kwingi. Iko mimea ambayo haina pa kukimbilia. Mama zetu wanaujua mkilua. Maua yake hayana fahari kubwa machoni, lakini yakifungwa katika kikuba pamoja na asumini na mrihani, harufu yake hukaa katika nguo mpaka siku ya pili. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Bernard Verdcourt, alipouandika rasmi aliona hauingii katika ukoo wowote wa mimea uliokwisha tajwa na wanasayansi. Akauundia ukoo wake peke yake, na jina la ukoo huo akalichukua kama lilivyo kutoka midomoni mwa watu wa pwani: Mkilua fragrans. Ukoo huo una aina hiyo moja tu, na makaazi yake ya asili ni ukanda wa pwani ya Kenya na Tanzania. Maana yake ni kwamba ukimalizika mkilua katika nyua zetu na katika vichaka vyetu, hakuna nchi ya mbali ambako tutatuma barua ya kuomba mche. Na wasichana wa leo, tukiwauliza darasani, wengi wao wanadhani kilua ni jina la mtu.

Wataalamu husema kuwa kinachohitaji kulindwa si mmea tu bali vinasaba vyake. Neno hili limechaguliwa vyema, kwa kuwa limebeba nasaba ndani yake. Mikarafuu miwili iliyosimama pamoja inaweza kuonekana sawa kwa jicho, kumbe mmoja umerithi uvumilivu wa ukame na mwengine umerithi udhaifu mbele ya maradhi. Mrihani wa bibi huyu una harufu ambayo wa bibi yule hauna. Tofauti hizo ndizo mali. Mti mmoja ukifa, mwengine wa nasaba ile hupandwa. Lakini nasaba yenyewe ikikatika, hakuna fedha inayoirudisha.

Kwa hili, historia ya karafuu yetu ni somo tosha. Karafuu si mzaliwa wa hapa. Kwao ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, ambako Waholanzi walikata miti kwa makusudi katika visiwa vingi ili biashara ibaki mikononi mwao. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuitorosha miche hadi Mauritius. Iliyonusurika ilikuwa michache mno. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, Saleh bin Haramil al-Abri aliileta Unguja, na majina ya Mtoni na Kizimbani yameingia katika historia kwa sababu ya mashamba hayo ya mwanzo. Sayyid Said bin Sultan akaamuru ipandwe kwa wingi. Hivyo basi, bahari ile ya mikarafuu iliyotajirisha visiwa hivi ilitokana na wazazi wanaohesabika. Ni ukoo mkubwa kwa idadi, lakini mdogo kwa nasaba.

Ukoo wa namna hiyo ukipata mtihani mmoja, huanguka kwa pamoja. Katika karne ya 20 Unguja ilipigwa na maradhi ambayo wakulima waliyaita kifo cha ghafla: mkarafuu mkubwa, wenye afya kwa kuutazama, unanyauka majani na kufa katika muda mfupi. Wataalamu wa wakati wa ukoloni walihangaika nayo kwa miaka mingi, na mashamba makubwa yakageuka kuni. Mzee aliyetusimulia habari hizo alisema kwamba lililowatisha ni kuona miti inakufa kwa mstari, kama watu wa nyumba moja.

Kabla ya hapo ulikuja mtihani mwengine. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkuu. Tukilitazama jambo hili kwa jicho la leo, Pemba ilikuwa hifadhi yetu ya vinasaba bila ya mtu kuipa jina hilo. Lau mikarafuu yote ingekuwa kisiwa kimoja, huenda leo tungekuwa tunasimulia karafuu kama tunavyosimulia masultani. Na Indonesia yenyewe, kwao karafuu, ina aina ya mkarafuu inayosifika kwa mazao na kuitwa Zanzibar. Mtoto aliyetoroshwa akarudi nyumbani kwa wazee wake na jina la ugenini.

Hapa msomaji atauliza: kwani dunia haina maghala ya mbegu? Yapo. Lipo la Svalbard, nchini Norway, lililofunguliwa mwaka 2008, ambalo limechimbwa ndani ya mlima. Lipo la Kew, Uingereza, na hapa Tanzania kipo kituo cha taifa cha kuhifadhi vinasaba vya mimea huko Arusha. Katika maghala hayo mbegu hukaushwa, hufungwa na kuwekwa katika baridi kali, nazo hukaa miaka mingi sana zikiwa hai. Ni kazi njema, na asili yake si ngeni kwetu: katika Sura Yusuf tunasoma namna Nabii Yusuf (A.S.) alivyowashauri watu wa Misri waiache nafaka katika masuke yake, ila kidogo cha kula, wakijiandaa kwa miaka ya shida.

Lakini ushauri ule ulihusu nafaka. Mbegu ya mtama, mpunga au mrihani inakubali kukaushwa. Mbegu ya karafuu haikubali. Ikikauka imekufa. Kadhalika kungumanga, na kadhalika mdalasini. Allah (S.W.) ameziumba mbegu hizi ziende moja kwa moja kutoka mtini hadi udongoni, na hakuna chupa wala jokofu la kawaida litakalozisubirisha. Ghala la karafuu ni shamba lenyewe. Kwa hiyo mtu anayejipumbaza kwamba wazungu wametuwekea mbegu zetu mahali fulani, na kwamba siku tukizihitaji tutazifuata, ajue kwamba kwa baadhi ya mazao yetu matukufu kabisa jambo hilo halipo. Kew wana mimea mingi ya Unguja iliyokaushwa na kubandikwa katika karatasi, mingine ilipelekwa tangu enzi za balozi John Kirk katika karne ya 19. Ni kumbukumbu nzuri, ila mmea wa karatasi hauoti.

Iko na siri nyengine katika karafuu ambayo wasomaji wa mjini huenda hawaijui. Tunachokianika juu ya majamvi si tunda wala mbegu. Ni chipukizi la ua ambalo halijafunguka. Kila karafuu inayouzwa Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar, ZSTC, ni ua lililozuiwa kuzaa. Ili mbegu ipatikane, lazima mkulima aache sehemu ya mti bila kuchuma, maua yafunguke, matunda yaive yawe ya zambarau, na yapandwe mara moja. Yaani lazima akubali hasara mwaka huu kwa ajili ya mti utakaoanza kuzaa baada ya miaka sita au minane. Bei ikiwa nzuri, nani ataacha? Na akiacha, kwa kawaida ataacha mti gani, ulio bora au ule ambao wachumaji wameshindwa kuupanda? Serikali imekuwa ikigawa miche ya mikarafuu bure kwa wakulima, na hilo ni la kushukuriwa. Swali ambalo mkulima anastahiki kuliuliza anapopokea mche ni la kinasaba hasa: mama yake ni nani? Kama miche elfu inatoka kwa mama watatu waliokuwa karibu na barabara, basi tunarudia yale ya Mauritius kwa mikono yetu wenyewe.

Tuje kwenye dawa. Unguja ina sura mbili. Upande wa magharibi na kaskazini kuna udongo mzito, Kizimbani, Kidichi, Dole, Donge, ndiko kwa viungo. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye vichaka, ambayo mgeni huiona haina kitu. Huko ndiko wanakokwenda watu wa dawa kutafuta mdaa, mkwamba, mshubiri na mengineyo ambayo wao wanayajua kuliko sisi. Vichaka hivyo hukatwa kwa kuni, kwa mkaa na kwa tanuri za chokaa, na sasa hukatwa kwa nyumba na mahoteli. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Watu hao wanahitaji pa kulala, na hatuwezi kumlaumu kijana kwa kujenga. Tunachosema ni kwamba kichaka kinapofyekwa hakuna anayekwenda mbele ya tingatinga kuangalia kilichomo.

Aidha, uchimbaji nao una adabu yake. Anayechuma majani huuacha mti. Anayechimba mizizi yote huuondoa. Mwaka 2011 tuliona maelfu ya watu wa dini zote wakimiminika Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe kilichochemshwa kutokana na mti wa mugariga. Hatuingii katika hukumu ya kikombe kile. Tulijiuliza tu, wakati ule, mti unaochemshwa kwa ajili ya taifa zima utapandwa na nani. (Na kwa kuwa tumeitaja tiba: mwenye kuchanganya mizizi na ramli ajue kwamba hatumtetei. Tunazungumzia dawa.)

Elimu ya dawa inapotea kwa njia mbili, kwa kufa na kwa kuchukuliwa. Ya kwanza inajulikana. Ya pili ilitokea kwa manjano, kiungo kilicho katika kila jiko la Mzanzibari. Mwaka 1995 chuo kimoja cha tiba nchini Marekani kilipewa hataza, yaani haki ya umiliki, juu ya matumizi ya manjano katika kuponya majeraha, jambo ambalo bibi zetu wakilifanya bila ya kumwomba mtu ruhusa. Wahindi walikwenda kupinga, na mwaka 1997 haki hiyo ikafutwa. Mwarobaini nao ulikuwa na kesi yake Ulaya, dhidi ya haki iliyotolewa kwa wizara ya kilimo ya Marekani na kampuni moja. Ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikamalizika 2005. Walishinda kwa nini? Katika kesi ya manjano Wahindi walikuwa na maandishi, vitabu vya kale na makala zilizochapishwa, yaliyothibitisha kwamba elimu hiyo ilikuwepo. Tujiulize kwa insafu: lau kesho mtu atasajili dawa ya mkwamba au ya kivumbasi, sisi tutapeleka karatasi gani mahakamani? Kitabu kikubwa cha mimea ya Unguja na Pemba kilichowahi kutegemewa kiliandikwa na Mwingereza, R. O. Williams, kikachapishwa mwaka 1949. Elimu iliyobaki imo vifuani, na aliye nayo huificha hata kwa mwanawe mpaka anapokaribia kukata roho, wakati ulimi umekwisha kuwa mzito.

Hatusemi kwamba hakuna kinachofanyika. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004. Taasisi ya utafiti wa kilimo ipo Kizimbani, pale pale ilipopandwa mikarafuu ya mwanzo. Zanzibar ina sheria ya tiba asili ya mwaka 2008 yenye baraza la kuwasimamia waganga. Lakini hifadhi ya msitu hailindi kiungo cha shambani, na bustani ya viungo ya kuonesha watalii huwa na mti mmoja wa kila aina, wa kunusa na kupigia picha. Mti mmoja si hifadhi ya nasaba. Na shamba la urithi, hata liwe na mikarafuu bora namna gani, hugawika kila anapokufa mzee. Eka tatu zilizotolewa baada ya Mapinduzi ya 1964 zina wajukuu sasa. Kila mrithi hupata kipande cha kutosha nyumba, na mti mama huwa katika kipande cha yule mwenye shida zaidi.

Mirathi ni haki ya Allah na haiguswi. Ila sheria hiyo hiyo imetuwekea mlango mwengine. Umar bin Khattab (R.A.) alipopata ardhi ya Khaybar, ambayo hakuwahi kupata mali aipendayo kuliko hiyo, alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka ushauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na ayatoe sadaka mazao yake; haikuuzwa, haikurithiwa wala haikutolewa zawadi. Tumeisomesha hadithi hiyo kwa miaka mingi katika mlango wa wakfu, tukitoa mifano ya misikiti na maduka. Siku hizi tunaisoma na kuona kwamba ndiyo tafsiri kamili ya kile wataalamu wanachokitafuta: shina libaki, mbegu zitoke. Mzee mwenye shamba anaweza, katika uhai wake, kuuweka wakfu mkarafuu wake bora na ardhi ya chini yake, au akausia katika mipaka ya theluthi yake, kwa sharti kwamba sehemu ya matunda yake iachwe iive na mbegu zigaiwe. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, na ardhi za wakfu zipo. Bustani mbili au tatu za miti mama, yenye wazazi wengi waliokusanywa Unguja na Pemba, pamoja na mikilua, mikunazi, mikadi na milangilangi, kila mmoja ukiwa na kibao cha ulikotoka, si mzigo wa kuishinda nchi. Na ziwe katika visiwa vyote viwili, 1872 isitusahaulike.

Tunajua watakaosema kwamba wakfu ngapi zimeliwa, je mti? Wana hoja, na sisi wenyewe tumeshuhudia wasimamizi waliogeuza amana kuwa urithi. Hata hivyo, ugonjwa wa msimamizi hautibiwi kwa kuacha kuweka wakfu. Mti una shahidi ambaye duka halina: ukikatwa, mtaa mzima unaona.

Yaliyo nje ya visiwa vyetu yanatuhusu pia. Udi tunaofukizia nyumba zetu siku ya Ijumaa unatokana na miti ambayo mwaka 2004 nchi za dunia ziliamua biashara yake yote idhibitiwe, kwa kuwa ilikuwa ikimalizika misituni. Ubani nao una msiba wake: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya miti ya ubani ya Ethiopia na jirani zake ulikuta kwamba katika sehemu kubwa ya maeneo yaliyochunguzwa hakukuwa na miti michanga, wazee watupu. Tulipoisoma habari hiyo tuliufikiria mtaa ule wa msiba.

Kwa upande wetu, tulimwomba ndugu mmoja wa Makunduchi kokwa za kunazi, akatuletea mfuko mzima. Tumezipanda katika mikebe uani mwa madrasa. Saba zimechipua, na wanafunzi wameanza kugombania zamu ya kuzimwagilia. Kilua bado hatujaipata. Mwenye mche na atufahamishe.